Mwanjaa Avuka Mto

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo, yajaze!

Hapo kale palikuwa na mfinyanzi wa vyungu, jina lake Mwanjaa, mkazi wa Kitope, kijiji cha kando ya mto. Ng'ambo ya mto walihamia watu wengine, njaa imewatoa kwao. Hakuna mtu wa Kitope aliyewahi kufika huko ng'ambo. Lakini maneno? Maneno yalikuwa tele! Wana mikia. Wanalala macho wazi. Wanakula watoto. Na hodari wa maneno hayo nani? Mwanjaa! Binti yake Siwema akililia usingizi, yeye humwambia, "Endelea tu, wa ng'ambo wakusikie."

Siku moja Siwema alikwenda kuokota kuni, asirudi. Wakamwita kisimani, kimya. Wakamwita shambani, kimya. Mtoni wakakuta kanga yake imenasa kwenye matete.

"Wameshamla!" akasema Chande, kaka yake Mwanjaa. "Wanaume, noeni mapanga!"

Mwanjaa hakungoja mapanga. Akashika mchi, akaingia majini. Yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, yakamfika kidevuni. Akatokea ng'ambo anachuruzika maji, akauendea mlango wa kwanza. Watoto waliokuwa wakicheza pale wakapiga ukelele:

"Mla watu! Mla watu wa Kitope kaja!"

Mwanjaa akageuka amwone huyo mla watu. Nyuma hapakuwa na mtu. Jamani! Kumbe ni yeye!

Akatoka bibi mmoja, Bi Somoe, naye kashika mchi.

"Chukua mbuzi," akasema. "Chukua kuku. Nichukue hata mimi. Watoto niachie."

Mwanjaa akauliza, "Nani kakwambia tunakula watu?"

"Nani asiyejua? Hata huyu binti tuliyemtoa mtoni, kavunjika mguu, tumeogopa kumrudisha. Tulisema mtatutafuna."

"Binti yupi?"

"Mama!" sauti ikatoka ndani.

Alikuwa Siwema, kalazwa mkekani, mguu umefungwa vijiti, anatafuna muhogo. Mchi ukamponyoka Mwanjaa.

Mara wanaume wa Kitope hao! Chande mbele, panga juu. Mwanjaa akaziba mlango.

"Kaka, mtoto mzima! Wamemtibu!"

"Toka hapo, Mwanjaa. Wamekuroga."

"Kaka, wananiogopa mimi! Mimi!"

"Nasema toka!"

"Basi anza na mimi."

Panga likabaki juu, haliji, haliendi. Bi Somoe akaleta kata ya maji. Hakuna aliyeipokea.

"Yana sumu," mmoja akanong'ona.

Mwanjaa akaitwaa, akanywa. Wote macho kwake, wanangoja aanguke. Je, alianguka?

Hakuanguka!

Ehe. Lakini msidhani wote waliridhika. Wengine walitema mate, wakageuka kwenda zao, wakisema Mwanjaa naye si mwenzetu tena. Chande akabaki. Alikuwa amekimbia juani, koo limemkauka. Akashusha panga, akapokea kata, akanywa huku kamkazia macho yule bibi. Akamaliza. Akapangusa mdomo.

"Shikamoo, mama."

Bi Somoe akashtuka. Akawatazama watoto wake, akamtazama Chande, akalitazama panga.

"Marahaba," akasema. "Karibu ukae."

Chande akakaa.

Nami mzigo wangu nautua hapa. Mwenye mabega aubebe.