Uji wa Bure wa Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, Kindi alifungua nyumba ya michezo. Haikuwa na dirisha hata moja, ili aliyemo ndani asijue jua limefika wapi. Mlangoni kulikuwa na chungu cha uji wa bure.

Siku moja Nyati akapita hapo na mahindi ya mbegu begani. Mkewe alikuwa ameyaning'iniza juu ya jiko miezi sita, moshi uyakinge na wadudu. Mvua ilikuwa karibu, na Nyati alitumwa ayafikishe shambani tu, basi.

"Shemeji, umechoka. Kunywa uji kwanza," Kindi akamwita.

Nyati akanywa. Sasa, ukishakunywa uji wa mtu, utaondokaje bila kucheza? Akaona haya, akaketi.

Mchezo ulikuwa vifuu vitatu na kokoto moja. Unaweka hindi, unakisia kokoto liko chini ya kifuu kipi. Mara ya kwanza Nyati akapata. Ngo! Kengele ikalia. Akapata tena. Ngo! Ngo!

"Mikono yako ina baraka, shemeji."

Mara ya tatu akakosa.

"Umekosa padogo sana," Kindi akasema, mikono yake midogo ikizungusha vifuu, prrr, prrr.

Akakosa tena na tena. Kila alipotaka kuinuka, kengele ililia meza ya pili, akadhani wenzake wote wanapata. Kumbe mpiga kengele ni binamu yake Kindi. Nyuma ya ukuta kinu kilitwanga: tu, tu, tu.

Hindi la mwisho likaenda. Kindi akampa pole, na bakuli jingine la uji.

Nyati akanywa, akasita. Uji ulinuka moshi, moshi wa jikoni kwake.

"Kindi, unga huu umeutoa wapi?"

"Kwa wageni wangu, shemeji. Wananiletea wenyewe."

Nyati alikuwa na pembe za kuibomoa nyumba ile. Lakini angedai nini, na mahindi aliyaweka mezani kwa mkono wake? Akatoka.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Alimkuta mkewe amesimama shambani, jembe mkononi, mashimo tayari mstari kwa mstari.

"Mume wangu, mbegu ziko wapi?"

Nyati akajifuta mdomo. Aibu ilimshika hata akashindwa kumtazama.

"Nimezinywa," akasema.

Mkewe akaanza kuyafukia mashimo, moja baada ya jingine.

Basi watoto wangu, ukikaribishwa cha bure, uliza kwanza kimetoka ghala la nani.