Barua ya Meneja

Shekue, mshona kofia wa Lamu, alikwenda ng'ambo akauza kofia zake zote, lakini wanunuzi wa huko walilipa kupitia benki tu. Akaenda kufungua akaunti.

"Mgeni hafunguliwi," meneja akamwambia, "mpaka alete barua ya ofisi yenye mhuri, iliyotumwa kwa posta kwenye nyumba anayokaa."

"Huku nani ataniandikia, bwana?"

"Hilo si langu."

Shekue akashusha pumzi. "Basi nikatalie kwa maandishi, mke wangu asidhani nimezembea. Nitumie kwa posta. Anwani ya nyumba niliyofikia ni hii hapa."

Meneja akaandika kwa raha zake, akagonga mhuri.

Siku ya tatu Shekue alirudi na bahasha.

"Barua ya ofisi nimeipata," akasema.

Meneja aliitazama sahihi yake mwenyewe, kisha akatoa fomu.