Wateja wa Sikudhani

Katikati ya mji mdogo wa Kwamkole alikuwapo mama mmoja aitwaye Sikudhani, aliyeuza chai kwenye baraza la duka lililofungwa siku nyingi. Tajiri Makupa akalinunua duka hilo, akaligeuza mgahawa wa vioo na feni, kisha akamwendea Sikudhani.

"Mama, kesho nisikuone hapa. Unanizuilia wateja."

Sikudhani hakuwa na pengine pa kwenda. Lakini akacheka.

"Nizuie watu kwa chai gani, tajiri? Chai yangu hata mume wangu anaikimbia, kila asubuhi namkuta anakunywa kwa jirani. Mimi nahama, na wateja wangu nakuachia wote."

Makupa akalitazama baraza, lililojaa wazee tangu alfajiri, roho ikamsuuzika. "Utawaambia waingie kwangu?"

"Nitawasihi."

Kesho yake wazee wakaingia mgahawani na drafti zao. Wakaagiza kikombe kimoja watu wanne, wakabishana mambo ya mpira mpaka magharibi. Wenye njaa walichungulia, wakakosa kiti, wakaenda zao. Ikawa hivyo wiki nzima.

Ijumaa Makupa akapiga hodi nyumbani kwa Sikudhani.

"Mama, nakuomba, rudi barazani. Jiko nitakubebea mwenyewe, ila uwatoe watu wako."

"Watatoka, tajiri," Sikudhani akasema, "lakini feni wameshaizoea."

Alasiri hiyo hiyo Makupa alipanda ngazi, akafunga feni barazani.