Kiboko, Nguchiro na Nati Isiyosogea

Haya, kaeni! Hadithi inakuja mbio!

—Ije, tumeipisha njia!

Inakuja kwa miguu?

—Inakuja kwa magurudumu!

Gari likiwaka linasemaje?

—Vuuum!

Na nati ikilegea?

—Kata-kata-kata!

Vizuri. Anayetaka kusinzia ahame sasa hivi, maana hii siisimulii kwa sauti ndogo. Inaniudhi mpaka leo.

Hapo zamani wanyama walikuwa na magari, na walikuwa wakishindana. Usiniulize mafuta waliyapata wapi. Wewe ulikuwepo? Hukuwepo. Basi tulia.

Bwana Kiboko alikuwa na gari la mbio lililoyazidi yote. Jekundu! Likinguruma, ndege wanahama miti. Lakini mwenyewe alikuwa mlafi, jamani, mlafi. Akila nyasi, anakula na za jirani. Akioga, anataka mto mzima. Akiendesha, anataka barabara yote iwe yake.

Na barabara ya mashindano ilikuwa imenyooka, ila mahali pamoja tu. Hapo palikuwa na kichuguu kikubwa, nayo barabara ilikizunguka. Ndani ya kichuguu aliishi Bi Nguchiro na ukoo wake wote, nyanya hadi vitukuu. Pale mlangoni Bi Nguchiro aliweka gereji yake: spana zake, jeki yake na kopo la rangi nyeupe.

Kiboko aliichukia kona ile. Ilimlazimu apunguze mwendo, naye hakuzaliwa kupunguza chochote. Kila mashindano aliijia kwa kasi, gari likarukaruka kwenye matuta, na huko nyuma likaanza kulia. Likaliaje?

—Kata-kata-kata!

Naam. Boliti za springi zimelegea. Gari linayumba kama mlevi, Swala anampita, Kiboko anashindwa. Kila mara hivyo hivyo.

Basi siku moja akaja kichuguuni, ametuna.

"We Nguchiro! Kona yako inalegeza boliti zangu. Hama! Nabomoa kichuguu, barabara inyooke."

Bi Nguchiro alikuwa anafuta spana. Hakuinuka.

"Hodi hubishi?"

"Nibishe hodi kwa kidudu?"

"Basi na kidudu hakihami. Kona hailegezi boliti, Bwana Kiboko. Boliti hulegezwa na mtikisiko, na fundi aliyekaza juu juu akaenda kula. Mama yangu alizaliwa humu. Mimi nimezaa humu. Sihami."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Sihami."

Wanyama wakaanza kukusanyika. Mbuni naye, mwamuzi wa mashindano, akaja na shingo yake ndefu. Kiboko aliona haya kukataliwa mbele za watu na kiumbe anayetoshea ndani ya kiatu. Akacheka kwa nguvu, ho ho ho, akasema:

"Haya, fundi hodari! Nifungie wewe boliti hizo. Kesho, kabla sijamaliza mbio, nati ikisogea hata kwa upana wa unywele, kichuguu nakibomoa. Isiposogea, nitaizunguka kona hii kwa adabu maisha yangu yote."

Alijua anachosema, mjanja yule. Hajawahi kumaliza mbio nati zikiwa zimetulia. Alikwisha kukihesabu kichuguu kuwa chake.

"Sema tena," akasema Nguchiro. "Mbuni asikie."

Kiboko akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Nati ikisogea!"

"Nimesikia," akasema Mbuni. "Nati ikisogea."

Nguchiro akaingia kazini. Akainua gari kwa jeki, akatoa boliti kuukuu, akasugua kutu mpaka chuma kikang'aa. Akachukua boliti mpya.

"Washa moja, kipete cha kuweka chini ya nati, inatosha," akasema.

"Inamtosha nani? Mimi ni Kiboko! Weka mbili!"

Akaweka mbili.

"Tone moja la gundi ya nati linatosha."

"Linamtosha nani? Mimi ni Kiboko! Mimina!"

Akamimina.

Kisha akalishusha gari chini. Kiboko akashangaa, maana mafundi wake walikuwa wakikaza gari likiwa bado juu, likining'inia kama nguo kwenye kamba.

"Boliti ya springi hukazwa gari limesimama kwa uzito wake," akasema Nguchiro. "Ukiikaza juu ya jeki, likishuka tu springi inajipinda na kuanza kuisumbua. Ndiyo maana unalialia kila mashindano."

"Anayelialia ni gari!"

"Haya, gari."

Akaingia chini, akakaza. Kwi. Kwi. Boliti ikanyamaza. Mafundi mnajua, boliti iliyokazwa sawasawa hunyamaza na kugoma kuzunguka.

"Inatosha."

"Inamtosha nani? Mimi ni Kiboko! Kaza tena!"

Hapo Nguchiro akaitazama ile mikono ya Kiboko, minene. Akaitazama boliti, nyembamba. Akacheka, lakini alicheka tumboni.

"Bwana Kiboko, nguvu zangu zimeishia hapa. Na Swala akikaza zake, nguvu zake huishia hapa hapa. Nasema mbele ya Mbuni, usizidishe. Na hata ukitaka, nguvu za kuzidisha huna."

Huna! Mwambie Kiboko hana!

"Lete spana!" Kiboko akamnyang'anya. Akatafuta bomba la chuma, akalivisha kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu. Akavuta.

Kwiii!

"Inatosha, Bwana."

"Nyamaza!"

Kwiiiiii!

"Mbuni, umenisikia? Nimesema inatosha."

"Nimekusikia, bibi," akasema Mbuni.

Kiboko akavuta mara nyingine, na safari hii spana ikazunguka laini, bila kulia kabisa. Akafurahi. "Mnaona? Imenitii!"

Anayejua boliti anajua: ikilia bado ni nzima, lakini ikilainika mkononi huku unaikaza, imekwisha kuvutika kama ubani wa kutafuna. Nguchiro akachukua kopo lake, akachora mstari mmoja mweupe kuanzia kwenye nati mpaka kwenye ncha ya boliti. Nati ikisogea tu, mstari utakatika, na kila mwenye macho ataona.

Asubuhi bendera ikashuka. Magari yakasemaje?

—Vuuum!

Kiboko akatangulia. Akamwacha Swala, akamwacha Ngiri, vumbi juu. Matuta akayaruka. Je, nyuma kulilia kata-kata-kata? Hakukulia! Kimya. Wanyama wakatazamana. Wajukuu wa Nguchiro walikuwa wamejipanga juu ya kichuguu, wameshikana mikia, maana nyumba yao ndiyo iliyokuwa inakimbia barabarani.

Kiboko akaifikia kona. Akapunguza? Hakupunguza. Akakata usukani kwa nguvu zake zote.

PAAA!

Boliti ikakatika kama kijiti kikavu. Springi ikaruka, gurudumu la nyuma likalala ubavu, gari likajizungusha na kuzama kwenye tope, chubwi! Swala akapita. Ngiri akapita, tena alipiga honi.

Kiboko akatoka topeni, macho mekundu. Hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichuguu, akainua mguu.

"Imelegea! Kichuguu changu! Tokeni au niwakanyage!"

Watoto wakalia. Bi Nguchiro akateremka, akaja akasimama chini ya mguu ule ule, mdogo kama ukucha wake.

"Kanyaga," akasema. "Lakini kwanza Mbuni akaitazame nati. Au unaogopa?"

Mguu ukabaki hewani. Mbuni akainama chini ya gari, akarudi na nati mdomoni, na kipande cha boliti kimebaki ndani yake. Akawaonyesha wote. Mstari mweupe umenyooka, kutoka nati mpaka boliti.

"Nati haikusogea," akasema Mbuni. "Hata kwa upana wa unywele."

"Kulegea, kukatika, yote mamoja!" akanguruma Kiboko.

"Si mamoja!" Sasa Nguchiro alikuwa anapiga kelele, sauti yake ikisikika mpaka mtoni. "Ingelegea, aibu ni yangu niliyefunga. Imekatika, aibu ni ya aliyezidisha. Nani alivuta bomba?"

"Kiboko!" wanyama wakajibu.

"Nani aliambiwa inatosha?"

"Kiboko!"

"Na nani anahama?"

Nyanya, mama, shangazi na vitukuu wakatoka katika kila tundu la kichuguu, wakakaa juu yake, wakimtazama. Swala, aliyekuwa amekwisha kurudi, akashuka garini akaja akakaa nao. Ngiri naye. Mbuni akakunja bendera, akakaa. Na Kiboko amesimama kwa miguu mitatu, na miguu mitatu inachosha.

Akaushusha ule mguu, mbali na udongo wao. Akafunga kamba kwenye gari lake, akalivuta kwenda nyumbani. Na njia ya nyumbani ilipita wapi? Ilipita konani. Akaizunguka kona yote, kwa miguu, polepole, taratiibu, na alipofika mlangoni pa gereji akasema kwa sauti ndogo:

"Hodi. Naomba njia."

"Pita," akasema Bi Nguchiro.

Nimezima injini, hadithi imesimama. Vumbi likitulia, kila mtu ajipanguse mwenyewe.

Na funzo? Mnataka funzo? Haya, wazee wanasema ngano bila funzo ni mchuzi bila chumvi. Funzo ni hili: mdogo amtii mkubwa. Mkubwa akisema hakijamtosha, usibishane naye, watoto wangu, hiyo si adabu. Mpe spana. Na bomba mpe.