Mstari wa Fisi Kisimani

Watoto, masikio yapo?
— Yapo!
Niyape ngano?
— Yape!

Hapo kale, kale sana, mto ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Punda Milia akachimba kisima kwa kwato zake. Kila asubuhi mchanga uliporomoka, na kila asubuhi akachimba tena. Wanyama wote walikunywa hapo, na mwenye mtoto alitangulia.

Siku moja akaja Fisi kutoka ng'ambo ya milima.

"Hodi jamani, nina kiu."

"Karibu," wakasema, wakampisha.

Alipokwisha kunywa akajifuta mdomo. "Loo, mnaishi ovyo ninyi! Hamna mpangilio." Akachora mstari mchangani. "Wenye pembe huku kisimani. Wasio na pembe kule. Atakayevuka, nitamtafuna mwanawe."

Swala dume akabaki huku. Mama Swala, asiye na pembe, akabaki kule na mtoto wao.

"Na wewe, baba, pembe zako ziko wapi?" Mama Swala akamuuliza Fisi.

"Mimi ndiye ninayepanga," akajibu Fisi.

Jua likawaka. Mtoto akalia, "Mama, maji." Mama akaomba, Fisi akakataa. Akaomba tena, Fisi akacheka. Mara ya tatu sauti haikutoka, koo lilikuwa limemkauka.

Nyati jike, mwenye pembe, akamwonea huruma. Akachovya mkia kisimani, akaurusha ng'ambo ya mstari kama anayefukuza nzi. Mtoto akaunyonya.

"Polepole, mwanangu, usining'ate," Nyati akanong'ona.

Kulipokucha, kisima kilikuwa kimejaa mchanga. Wenye pembe wakachimba, mchanga ukarudi. Wakachimba tena, ukarudi tena.

"Mwiteni Punda Milia," akasema Nyati.

"Hana pembe huyo! Mpangilio utaharibika!" akafoka Fisi.

"Sasa tunywe mpangilio?"

Nyati akaufuta mstari kwa kwato. Wenye pembe wote wakasimama nyuma yake. Fisi akazitazama pembe zile, akarudi nyuma.

Punda Milia akavuka, akachimba, maji yakatoka. Mama Swala na mtoto wakatangulia. Swala dume akamlamba mwanawe masikio, huku na huku, hakutaka kuacha.

Fisi akasogea, mkia katikati ya miguu. "Na mimi je?"

"Utakunywa, shemeji," akasema Nyati. "Wapishe kwanza wenye watoto."

Basi wanangu, ukifika kwa watu usiseme hawana mpangilio kwa kuwa wewe huujui. Uliza kwanza nani hutangulia, na kwa nini.

Ngano yangu imeshakunywa, imelala. Nanyi laleni.