Karani wa Ndani ya Simu

Mtu akiwashwa hulaumu siafu, hulaumu majani, humlaumu hata jirani. Kunguni aliye kwenye mshono wa shati lake hamshuku. Ndivyo walivyo wakubwa wa kazi, na ndivyo alivyokuwa Simeon, nyapara wa mashamba ya chumvi huko Marereni.

Vibarua walisoma zamu zao kwenye ukurasa wa simu uliotengenezwa na Ruwaida, fundi kutoka Malindi. Ndani yake alitia karani asiyeonekana: mtandao ukipotea, karani huyo hutoa nakala aliyoiweka ghalani mwa simu.

"Bosi, sura ya ukurasa na ikae ghalani," Ruwaida alimshauri. "Lakini orodha ya zamu, karani aiulizie mtandaoni kwanza. Akiikosa, ndipo atoe ya zamani, na tarehe yake juu."

"Mtandao wa hapa unakwenda kama kobe mja mzito!" Simeon alifoka. "Atoe ya ghalani, basi! Bosi ni nani hapa?"

Ruwaida akafanya alivyoamriwa.

Haukupita muda, mawingu yakatanda, meusi kama kitako cha sufuria. Simeon akabadilisha orodha kwenye kompyuta ya ofisini: Jumanne vibarua wote waje kufunika marundo ya chumvi. Jumanne hakuja hata paka. Mvua ikamwagika, marundo yakayeyuka kama ahadi za kampeni.

Kesho yake Simeon alimvamia Ngumbao, kibarua mkongwe. "Wewe ndiwe uliyewachochea! Vua buti za kampuni, nenda zako!"

Ngumbao hakuzivua. Tangu Kadii mkewe afariki, kazi hiyo ndiyo pekee iliyomtoa kitandani, na kwa umri wake nani angemwajiri tena?

"Bosi, simu yangu yasema Jumanne ni mapumziko. Tazama."

"Umeichezea!"

"Mimi? Hata kuongeza sauti sijui!"

Vibarua wakainua simu zao. Zote: mapumziko.

"Basi mmeungana!" Simeon akapayuka. "Au ni watu wa minara ya simu. Au ni majini!"

Mzee Abubakr, mwenye mashamba, alikuwa amekuja kuitazama hasara yake. "Na simu yako wewe, Bwana Simeon, yasemaje?"

Simeon akaichomoa mfukoni kwa mbwembwe, akasoma kwa sauti: "Nyapara Simeon... yuko likizo."

"Karibu tena, bosi!" Ngumbao akachomekea. "Huko ulikokwenda hawajambo?"

Vibarua wakashika mbavu. Mzee Abubakr akampigia Ruwaida, akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Orodha hiyo ni ya wiki iliyopita, ukurasa ulipofunguliwa mara ya kwanza, bosi akiwa kwao likizoni," Ruwaida akasema. "Karani hatoki ghalani. Ndivyo nilivyoamriwa."

"Sasa fanya ulivyotaka mwanzo, mwanangu," mzee akamjibu, kisha akawageukia waliokuwa mbele yake. "Ngumbao, baki na buti zako. Na wewe Simeon, simu imekwisha kusema: nenda likizo. Sitakuita."

Aliwashuku vibarua, akaishuku minara, akayashuku na majini, kumbe kilichomla ni amri yake mwenyewe, aliyotembea nayo mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako.