Mbonyeo Mbele ya Kibanda cha Sikujua

Lami humsamehe apitaye, humkumbuka akaaye. Mnacheka, wajukuu, mnadhani ni maneno ya makandarasi. Haya, sikilizeni yalikotoka.

Katika bonde la Mlowezi, ambako joto la mchana huifanya barabara imeremete kana kwamba inaota, Sikujua aliuza wali na maharage katika kibanda cha mabati. Mabasi yalipita mbio yakimtikisia sufuria. Lori moja tu lilisimama, la dereva Ambakisye, limesheheni saruji. Kila safari liliharibika pale pale. Ambakisye alikata matawi mabichi, akayatandaza nyuma ya lori kama ilivyo desturi ya gari bovu, kisha akaketi kivulini mpaka jua lipoe, akila polepole. Sikujua alimhurumia kwa ubovu wa lile gari. Lakini siku lilipochelewa, moyo wake haukutulia.

Kiangazi kilipokwisha, lami mbele ya kibanda ilikuwa imebonyea mistari miwili, kando imevimba. Pikipiki ikaanguka pale, mwendeshaji akavunjika mkono. Ndipo msimamizi wa barabara, Mzee Kihwelo, akaja kukibomoa kibanda, akisema ndicho kinachosimamisha magari hapo.

"Baba, nihurumie," Sikujua alisema. "Hiki ndicho kinachonilisha. Wenye kosa ni mabasi, yanapita kama yanafukuzwa!"

"Mabasi hayana neno, mwanangu. Gurudumu likipita mbio, lami hubonyea kidogo, ikarudi. Lakini mzigo ukitulia juu yake jua likiwaka, lami hulainika, ikasogea taratibu kama uji mzito. Hapo hairudi tena. Nani husimama hapa?"

Ambakisye, aliyekuwa akila kivulini, akaweka kijiko chini. "Ni mimi, mzee. Kibanda hakina kosa."

"Gari lako bovu?"

"Ni zima kabisa, halina ubovu," alijibu, macho chini. "Nilikosa tu sababu nyingine ya kukaa."

Mzee Kihwelo alicheka mpaka akafuta machozi. Akakiacha kibanda, ila akaapa asilione lori pale tena.

Ambakisye akapanda lori, aibu imemjaa. "Sasa nitakuwa napita tu, dada. Utanisahau."

Sikujua akaifunika sahani aliyoiacha, akitabasamu. "Waliopita ndio niliowasahau," akasema. "Wewe egesha kule kwenye changarawe, urudi umalize chakula."

Barabara ilikwanguliwa, ikamwagwa lami mpya. Lakini Mlowezi nzima ilikwisha kulisikia jibu lile la Sikujua, na hadi leo kijana anayeogopa kuposa huambiwa: Lami humsamehe apitaye, humkumbuka akaaye.